Msitujengee Bustani, Turudishieni Viwanja

Kila mji unaotamani kuitwa jiji, na kila jiji dogo linalotamani kuonekana kubwa, siku hizi lina mchoro wa bustani. Umeuona. Umebandikwa ukutani siku ya baraza la madiwani, au umezunguka kwenye makundi ya WhatsApp hadi ukafika kwako. Katikati kuna chemchemi inayorusha maji juu. Pembeni kuna michikichi ya mapambo isiyompa mtu kivuli wala mawese. Chini vimetandazwa vitofali vya saruji, vyekundu na vya kijivu. Watu waliochorwa humo ndio kichekesho chenyewe: Mzungu wa kaptura anakimbia huku ameziba masikio kwa muziki, na mama mmoja mwembamba anamtembeza mbwa kwa kamba. Mbwa! Tena kwenye mchoro wa mji wa pwani, ambako mbwa akikugusa na pua yake mbichi unarudi nyumbani kutafuta udongo na maji ya kujitwaharisha. Watu hao walikuja na programu ya kompyuta, na hakuna aliyejisumbua kuwabadilisha.

Sasa mtafute mtoto peku kwenye mchoro huo. Hayumo. Watafute wazee wa bao, muuza kashata, wasichana wa rede, vijana na goli lao la miti miwili. Hawamo. Mji mzima umeachwa nje ya bustani ya mji.

Nasema hivi, na mwenye kukasirika akasirike: mji mdogo hauna haja ya bustani moja ya kupigia picha za harusi. Una haja ya uwanja kila kata, wenye hati, bikoni, choo, maji na taa, na juu ya yote wenye mtu anayelipwa kuuendesha. Shilingi ya kwanza iende huko. Ikibaki chenji, jengeni hiyo chemchemi.

Nitaisema Tanga, kwa sababu Dar es Salaam imeshatushinda na Tanga bado inaokoleka. Ni jiji tangu 2005, na sensa ya 2022 iliwahesabu wakazi wake wasiofika laki nne. Ardhi ni tambarare, mitaa imenyooka, barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba, na bado kuna watu wazima wenye heshima zao wanaokwenda kazini kwa baiskeli bila kuonewa huruma. Mpanga miji akiota ndoto nzuri, anaota mji wa namna hii. Pia ni mji unaoonyesha wazi dhambi tuliyorithi. Mjerumani, na Mwingereza baada yake, walipanga kijani upande wao: bustani inayotazama bandari, ile tunayoiita Jamhuri, yenye mnara wa saa wa Wajerumani, na Raskazone ya upepo wa bahari na miti mikubwa. Mwafrika akapimiwa Ngamiani, nyumba ubavu kwa ubavu, na pa kupumulia pakawa barazani. Uhuru umepita miaka zaidi ya sitini. Ukitaka kuogelea Raskazone leo, mara nyingi unapita kwanza kwenye geti la klabu au la hoteli. Mtoto wa Makorora au wa Mabawa anaiona bahari kwa kuisogelea pale penye upenyo.

Fedha za kupendezesha mji zinapopatikana, zinaelekezwa wapi? Zinarudi kule kule kwenye kijani cha zamani, katikati ya mji au kando ya maji, mahali ambapo kiongozi wa kitaifa akija atapitishwa. Sisemi Jamhuri iachwe ioze. Nasema mtoto wa miaka minane hapandi bajaji kwenda kucheza. Anacheza pale ambapo mama yake anaweza kumwita kwa sauti akasikia. Mpango usioanzia kwenye umbali wa sauti ya mama umeanzia pabaya, hata kama aliyeuandika ana shahada tatu.

Na viwanja hivyo vya karibu ndivyo vinavyokufa. Naeleza jinsi vinavyokufa, maana waheshimiwa hupenda kujifanya hawajui.

Mchoro wa mipango miji unaonyesha eneo la wazi, limepakwa kijani kabisa. Viwanja vya jirani vinapimwa na kuuzwa, wenyewe wanapewa hati za miaka 33, 66 au 99. Eneo la wazi halimilikishwi mtu, kwa hiyo halipewi hati, na mara nyingi hata bikoni halina. Watoto wanasimika magoli. Miaka inapita. Anakuja mama lishe, anaweka meza yake pembeni, hakuna ubaya, wachezaji wanapata maji ya kunywa. Anakuja fundi gereji na magari mawili mabovu. Yanakuja malori, yanalala usiku. Kona moja imeliwa, timu inapunguza wachezaji, inacheza saba kwa saba. Kisha asubuhi moja mnakuta msingi umechimbwa na tofali zimeshushwa, na pana kijana amekaa juu ya tofali ambaye ukimuuliza anasema yeye ni mlinzi tu. Mwaka unaofuata zipo fremu kumi na mbili za maduka. Au sheli. Sijui ni kwa nini, lakini hakuna kitu kinachopenda uwanja wa watoto kama sheli ya mafuta.

Utaambiwa taratibu zilifuatwa. Nchi ina Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi unataka umma ujulishwe ili mwenye pingamizi apinge. Umma ukajulishwa kweli: karatasi moja kwenye ubao wa ofisi ya kata, chini ya ratiba ya chanjo, na tangazo kwenye gazeti ambalo mtaani hapo hufika likiwa limefungia vitumbua.

Hapo wengi wenu mnapiga makofi, kwa sababu nimemtukana mwekezaji, na kumtukana mwekezaji ni rahisi. Sasa nitagombana na nyinyi. Wauaji wakubwa wa viwanja vyetu ni mambo mema. Ni zahanati. Ni kituo cha polisi, ofisi ya kata, nyumba ya ibada ambayo hakuna diwani atakayethubutu kuigusa. Ni madarasa. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000 kwa miezi michache. Nani atapinga darasa? Mtoto alikuwa anakaa chini. Lakini shule ya mjini isiyo na ekari za akiba ilikuwa na nafasi gani ya kujengea, kama si pale walipokuwa wanachezea? Tulipiga picha za utepe ukikatwa. Ile ardhi iliyokaa chini ya utepe hatukuiuliza kitu.

Kuna mtaa mmoja ninaoujua, sitautaja, ambako goli la upande wa mashariki ni ukuta wa zahanati. Milingoti imechorwa kwa mkaa. Mwamba wa juu umechorwa pia, umepinda kidogo, na ubishi wa mpira uliopita juu au chini yake hauishi. Ndani ya ukuta huo ndimo wanamojifungulia kina mama. Shuti likipigwa, nesi anatoka na kitambaa kichwani, anawataja vijana mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, wanamwambia "shikamoo, mama, samahani," anarudi ndani, na mchezo unaendelea. Kila mtu pale ana haki. Mzazi ana haki ya utulivu, mtoto ana haki ya goli. Aliyewakutanisha hapo ni mtu wa ofisini aliyeona kwamba eneo lisilo na jengo ni eneo linalosubiri jengo.

Na mwisho wa hesabu unafurahisha zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji walau dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa wiki. Utafiti wake uliotoka mwishoni mwa 2019 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi. Sisi tunang'oa goli, tunajenga kliniki ya kisukari. Kisha daktari wa kliniki hiyo anamwambia mgonjwa akafanye mazoezi. Wapi, daktari? Barabarani, kati ya bodaboda na lori la saruji?

Msiniambie ni ukosefu wa maarifa. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ilituandalia mpango wa Dodoma, makao makuu mapya, na ndani yake ulikuwamo mji wa vitongoji vya kutembea kwa miguu, vyenye shule, soko na maeneo ya wazi ya kila kitongoji. Mpango ule una karibu miaka hamsini. UN-Habitat nayo inashauri asilimia 15 hadi 20 ya ardhi ya mji iwe maeneo ya wazi ya umma, ukiacha barabara. Malengo ya Maendeleo Endelevu, tuliyoyasaini kwa mbwembwe, yanasema ifikapo 2030 kila mtu awe na mahali pa umma pa kijani, salama na pa kufikika, na yanawataja wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu. Maarifa yamejaa kabatini. Kinachokosekana ni mtu wa kumnyima mwenzake kiwanja.

Wala historia haitusaidii kujitetea. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam iliachwa wazi na wakoloni kwa sababu mbaya kabisa: iwe ukanda wa kuwatenga watu wa Kariakoo na Wahindi na Wazungu, maradhi ya Mwafrika yasivuke. Wananchi wakauchukua ukanda huo wa kutengwa wakaufanya uwanja wa mpira, wa Maulidi, wa mikutano, wa sherehe za taifa. Mkoloni mbaguzi kaacha nafasi. Halmashauri yetu wenyewe, iliyochaguliwa kwa kura zetu, inashindwa kuacha robo ya nafasi hiyo katika mradi mpya wa viwanja 500.

Kisingizio kinachofuata ni ukubwa. "Hatuna eneo." Uwanja wa mpira wa kiwango cha kimataifa ni mita 105 kwa 68, ambazo hazifiki ekari mbili. Basi kama hamna ekari mbili, uwanja wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Hizo ni kama mita za mraba 465, yaani kiwanja kimoja au viwili vya kujengea nyumba. Katika kata nzima hakuna viwanja viwili? Diwani mwenyewe anavyo vingapi?

Lakini hata mkipata ardhi, nusu ya kazi bado, na hii nusu ndiyo wasiyoitaka, kwa sababu haikatwi utepe. Uwanja unaendeshwa na watu na ratiba. Halmashauri nyingi zina afisa utamaduni na michezo, mtembelee ofisini. Utakuta meza, kabati, kikombe cha timu ya watumishi kilichopata vumbi, na mtu mwenye elimu nzuri aliyekata tamaa. Hana mpira. Hana nauli ya kwenda kwenye kata. Msimu wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, anatafutwa kama daktari wa zamu, ukipita anasahaulika hadi Mwenge wa Uhuru ukaribie, ahangaikie vikundi vya ngoma. Huyo ndiye angekuwa mtu wa maana kuliko mkandarasi wa vitofali, na bajeti yake haitoshi kujaza upepo.

Ratiba inataka mtu anayewajua wakazi, si mtaalamu mwelekezi wa wiki mbili. Chukua Tanga au mji wowote wa pwani. Mtoto anatoka shule mchana, anakula, anakwenda madrasa, na madrasa inamwachia jioni. Ukimwekea mafunzo ya kuogelea saa tisa alasiri, umemgombanisha na ustadhi na mama yake kwa pamoja, na utakayemlaumu kwa kutokuja ni yeye. Kutoka madrasa hadi giza kuna saa moja na ushei. Taa nne zenye nguvu ya jua zingemwongezea saa mbili nyingine, na zingempa nafasi pia baba yake anayetoka kazini saa kumi na moja. Hata hivyo fungu la taa linakwenda kwenye mzunguko wa barabara kuu, kumulikia sanamu.

Na msichana? "Jioni" ni ratiba ya mvulana. Jioni msichana anachota maji, anakuna nazi, anamwogesha mdogo wake. Mpango unaosema uwanja uko wazi kwa wote jioni umempa mvulana uwanja na msichana pole. Muwekee Jumamosi asubuhi, muwekee mwalimu wa kike, muwekee choo chenye mlango unaofungika na maji ya kutiririka, kisha mtuambie kama hatakuja. Mama zake wameshaonyesha njia. Alfajiri ya Jumamosi, kabla jua halijatoka, vikundi vya jogging vimo barabarani, wanawake wa miaka hamsini wenye tisheti za sare juu ya mabaibui na raba miguuni, mmoja anaimba, wengine wanaitikia. Hakuna afisa aliyewaanzishia. Wanachangishana wenyewe, wana mwenyekiti, mweka hazina na faini ya mchelewaji. Wanachokosa ni mahali ambapo dereva wa basi la mkoani hatawakoswakoswa.

Nani atasema watu wa pwani hawajui kupanga burudani zao? Mwanzoni mwa karne iliyopita, kuanzia Lamu na Mombasa kushuka Tanga hadi Dar es Salaam, vyama vya ngoma ya Beni, kama Marini na Arinoti, vilikuwa na sare, vyeo, michango na mashindano yaliyogawa mji pande mbili. Tanga ikazaa klabu za muziki, Black Star na Lucky Star, zilizopeleka taarabu kila nyumba yenye redio. Ikazaa African Sports na Coastal Union, na Coastal wakabeba ubingwa wa Bara mwaka 1988, wakazipita Simba na Yanga zenye mji mkubwa nyuma yao. Vipaji havikuota kwenye chemchemi. Hata Mwingereza, kwa hofu zake za vijana wa mjini wasio na shughuli, alijua kwamba jengo bila shughuli ni gofu: Ukumbi wa Arnautoglu ulipofunguliwa Mnazi Mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1950, ulikuwa na madarasa, michezo na dansi. Sisi tunajenga geti, kisha tunatafuta wa kulinda geti.

Geti! Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Bustani ikikamilika, halmashauri inamtafuta mzabuni. Mzabuni anaweka kiingilio. Tuseme elfu moja mkubwa, mia tano mtoto: baba, mama na watoto wanne ni elfu nne kabla hujanunua hata maji. Mtu anayeuza mihogo ya kukaanga ataipeleka elfu nne kwenye bembea? Basi bembea zinafungwa mnyororo siku za kazi zisichakae, maturubai ya sherehe yanasimikwa Ijumaa, spika zinatetemesha vioo vya jirani hadi usiku wa manane, na kwenye nyasi kuna kibao: USIKANYAGE MAJANI. Halmashauri inapata kodi, mzabuni anauza bia, mtoto anapata ukuta. Nilimwona mlinzi mmoja, kwenye mji ambao nao sitautaja, akiwafukuza kwa filimbi watoto waliokuwa wakibingirika kwenye kinyasi. Aliwaambia wanaharibu bustani. Maskini ya Mungu, alikuwa anatekeleza mkataba.

Watasema matunzo yanataka fedha. Kweli yanataka. Nendeni Forodhani, Unguja, mkaone. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni iliikarabati bustani ile na ikafunguliwa upya mwaka 2009. Hakuna kiingilio. Jioni wauza chakula wanapanga meza zao, urojo, mishikaki, pweza, juisi ya miwa, mgeni analipa bei ya mgeni na mwenyeji anabishana. Vijana wanakimbia kutoka mbali na kujirusha baharini, na ndiyo burudani ya bure kuliko zote. Wazee wamekaa. Penye watu wa kutwa na wa kucha, mhuni hapati kona. Toza meza za chakula na uache lango wazi, na kwenye uwanja wa kata toza timu za maveterani wenye magari saa moja ya usiku chini ya taa, ili watoto wacheze bure mchana. Hayo hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Niseme na la viwanja vikubwa, kwa ufupi kwa sababu linaudhi. Mkwakwani wa Tanga, kama viwanja vingi vya mikoani, ulitokana na enzi ya chama kimoja, wakati michango ya wananchi na mali ya chama havikutenganishwa. Vyama vingi vikarudi 1992, viwanja vikabaki kwa CCM. Mjadala huo umeshakuwa mzee. Chama chenye viwanja hivyo ndicho pia kinachoshika halmashauri. Basi kikae na nafsi yake, kiwape watoto wa jirani siku mbili kwa wiki za kuingia bure. Na sasa kuna AFCON 2027, tunayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha inapata uwanja wa watu 30,000. Nitashangilia kama nyinyi. Ila uwanja wa watu 30,000 ni mahali pa watu 22 kucheza na wengine kukaa.

Jirani zetu wametufundisha kwamba kelele inafanya kazi. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilipotaka kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua kwa kila aliyemjua, akatukanwa bungeni, akadharauliwa kwa kuwa mwanamke aliyeachika. Wafadhili wakajitoa, mnara haukujengwa, na bustani ipo. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walipousukuma ukuta uliozungushwa kwenye uwanja wao, polisi waliwapiga mabomu ya machozi. Watoto wa shule ya msingi, na sare zao! Uwanja ukarudi. Sisi Watanzania tumelelewa kwa upole, tunamwachia Mungu. Mungu hakuidhinisha ile sheli.

Na kwa Tanga muda ni mfupi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Bandari imeongezwa uwezo. Watu wenye fedha wanakuja, na ardhi iliyokuwa haina bei itakuwa na bei ya kumfanya mtu mwema asahau kwao. Kila uwanja ambao hautakuwa na hati kabla ya wimbi hilo hautakuwa uwanja baada yake.

Wakati wa bajeti, waulizwe wenyeviti wa mitaa tuliowachagua Novemba 2024, na waulizwe mbele ya mkutano, si pembeni. Tunataka mchoro wa mtaa wetu uliopitishwa, wenye muhuri, ubandikwe ukutani nje ya ofisi mahali ambapo mtoto anaweza kuufikia kwa kidole. Tunataka orodha ya maeneo ya wazi yaliyomo, na mbele ya kila moja iandikwe kilichopo leo na jina la aliyekiruhusu. Yaliyobaki yapimwe, yawekewe bikoni, yapatiwe hati kwa jina la halmashauri kwa matumizi ya michezo, mwaka huu wa fedha. Anayetaka kujenga zahanati uwanjani aonyeshe kwanza uwanja mwingine, uliokwisha kusawazishwa, karibu vile vile. Na kifungu cha mshahara wa mwalimu wa michezo wa kata kiingie kwenye bajeti kabla ya kifungu cha kokoto.

Mtendaji akisema mchoro uko kwa afisa ardhi wa jiji, na afisa ardhi yuko kikaoni, mwambieni hamna haraka. Kaeni hapo hapo ofisini. Nendeni na watoto, na mpira.